Sauti ya Chumba cha Kusomea

Watu wa mtaa ule hawakumjua kwa jina lake la kuzaliwa, na wengi wangeshangaa kusikia kwamba analo. Walimwita Bi Shii. Walianza watoto, wakafuata wazazi wao, akafuata mlinzi wa mlangoni, na mwishowe mkuu wa maktaba mwenyewe akateleza ulimi katikati ya kikao cha wafanyakazi, akasema, "Hilo tutamwachia Bi Shii." Hakuna aliyecheka. Lilikuwa limeshakuwa jina kama majina mengine, na mwenyewe hakulipinga, maana kulipinga kungetaka kelele.

Kazi yake ilikuwa kulinda chumba cha kusomea. Maktaba yenyewe ilikuwa kubwa kuliko chumba hicho, tena ilikuwa na makelele yake. Mbele kulikuwa na kaunta ya kuazima na kurudisha vitabu, na foleni isiyokwisha, na dada wa kaunta akigonga mihuri kama anayetwanga. Upande mmoja zilikaa kompyuta, ambako watu wazima walifundishwa kushika kipanya bila kukiogopa, na asiyejua kuandika barua ya kuomba kazi alisaidiwa kuiandika. Upande wa pili kilikuwa chumba cha watoto, na huko sina haja ya kueleza. Nyuma kulikuwa na ukumbi wa shughuli. Mkuu wa maktaba aliamini kwamba maktaba isiyo na shughuli ni ghala la karatasi, kwa hiyo haikupita wiki bila jambo: leo chesi, kesho darasa la kufuma sweta, keshokutwa wastaafu wanafundishwa kutumia simu, na mara kwa mara mashindano ya kusoma kwa sauti, ambayo Bi Shii aliyaona kama tusi lililoandaliwa kwa makusudi.

Katikati ya yote hayo kilikaa chumba cha kusomea, kimetulia kama maji mtungini. Kilikuwa na mlango wa kioo ambao Bi Shii aliuwekea kitambaa kizito chini, ushonaji wake mwenyewe, ili kelele zisipenye. Kilikuwa na meza ndefu, na rafu za vitabu visivyoazimwa: kamusi, atlasi, vitabu vya sheria, magazeti ya zamani yaliyojalidiwa miaka kwa miaka. Wateja wake aliwajua. Wanafunzi wa mitihani walikuja na chupa zao za maji. Wastaafu wawili waligawana gazeti moja, mmoja kurasa za mbele na mwingine za michezo, kisha wakabadilishana bila kusema asante. Mwanamume mmoja aliyeitwa Profesa, ambaye hakuwa profesa wa kitu chochote, alifungua atlasi ileile kila siku na kuilalia.

Bi Shii alikuwa na ngazi tatu za kunyamazisha. Ya kwanza ilikuwa shii fupi, isiyo na kisasi, aliyoitoa bila kuinua macho. Ya pili ilikuwa ndefu, na kalamu ilisimama juu. Ya tatu haikuwa na sauti kabisa. Aliinuka, akatembea mpaka ulipo, akaweka kiganja mezani mbele yako, nawe ukakusanya vitu vyako ukatoka. Hapakuwa na rufaa. Alishamtoa mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Alishamtoa diwani aliyekuja kuzindua rafu mpya akapokea simu katikati ya chumba, na diwani alitoka. Alishawatoa hata wachumba wawili ambao hawakuwa wamesema neno, kwa sababu, alivyomweleza dada wa kaunta baadaye, hata kutazamana kuna kelele zake.

Kazi humwachia mtu alama. Fundi seremala hukosa ncha ya kidole, mpishi huungua mikono, na Bi Shii alipungukiwa sauti. Haikumtoka siku moja. Ilimtoka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anaongea kama mtu aliyesimama kando ya kitanda cha mtoto aliyelala. Dukani wauzaji walimwinamia. Kwenye simu watu walisema, "Halo? Halo?" wakakata. Yeye hakuona tatizo lolote. Mtu hausikii udogo wa sauti yake mwenyewe, na kwa masikio yake Bi Shii aliongea kama binadamu wa kawaida. Wengine ndio waliokuwa wanapayuka.

Kinara wa wapayukaji hao alikuwa mama yake mzazi.

Mama aliuza vitunguu sokoni tangu ujana wake, na sauti ndiyo iliyokuwa mtaji. Walioshuka kwenye mabasi ng'ambo ya ukuta wa soko walisikia bei kabla ya kuona kitunguu. Nyumbani hakuwa na sauti nyingine ya akiba, alitumia hiyohiyo. Aliwaamsha watoto nayo, akawaita kula nayo, akawabembeleza nayo pia, na majirani wakajua kila homa na kila jino lililong'oka. Kaka mtu aliirithi sauti hiyo bila shida. Binti alikua akitafuta kona. Alipoigundua maktaba, bado yuko shule ya msingi, alikaa chini ya dirisha moja na kuona ajabu: saa nzima ilipita na hakuna mtu aliyeita jina lake. Tangu siku hiyo alijua atafanya kazi gani.

"Mimi nimezaa samaki," Mama aliwaambia wateja wake, huku akifunga kitunguu na kucheka. "Hasemi! Lakini ni samaki mwenye vyeti, msimchezee."

Hakuwahi kukanyaga maktaba hiyo hata mara moja. Kila alipokaribishwa alisema haendi mahali ambapo watu wamenuna kama wamefiwa.

Wawili hao, mpayukaji na samaki, waliishi nyumba moja miaka yote, na walipendana kwa namna ya watu wasiokaa wakalizungumza. Kisha Mama akala chumvi nyingi, akaacha soko, na masikio nayo yakamwacha. Yalianza kwa vitu vidogo. Ndege wa asubuhi walinyamaza. Kisha ukanyamaza mlango unaobishwa, kisha redio, kisha watu. Mama hakukiri. Maktaba ilipoandaa siku ya afya ukumbini, macho na masikio yakipimwa bure, Bi Shii alimsihi aende, na Mama akajibu kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu, "Masikio yangu ni mazima! Ni watu wa siku hizi wanaongea kama wana uji mdomoni!"

Badala ya kupimwa alibuni dawa yake mwenyewe. Mtu akimsemesha, Mama alimtazama usoni kwa makini, akasubiri midomo itulie, kisha akatikisa kichwa kwa heshima ya mtu aliyesikia na kutafakari. "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Haya." Kwa dawa hiyo alijikuta amekubali kuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Kwa dawa hiyohiyo alimjibu jirani aliyekuja kumwambia baba yake amefariki: "Ndiyo, mwanangu. Vizuri." Bi Shii aliyajua hayo yote, na ya jirani yalimchekesha mpaka akaona aibu. Kitu kimoja tu hakukijua. Alidhani dawa ile ni ya watu wengine.

Mambo yalibadilika siku ya birika. Mama alibandika chai mchana, akaenda kujilaza, birika likapiga mluzi wake mpaka maji yakakauka na mpini ukayeyuka. Majirani waliona moshi, wakagonga, wakaita, wakavunja dirisha la jikoni. Walimkuta Mama amelala fofofo. Hakuumia. Aliwafokea kwa ajili ya dirisha.

Habari zilimfikia kaka jioni hiyohiyo. Kaka alikuwa na gereji katika mji wa mbali, safari ya kutwa kwa basi, na zile nyundo na injini zilikuwa zimeiongezea nguvu sauti aliyoirithi. Alipiga simu maktaba, na dada wa kaunta alipompa Bi Shii mkonga, kaunta nzima ilisikia.

"Dada! Mama hawezi tena kushinda peke yake! Huku mke wangu yupo nyumbani mchana kutwa, watoto wapo, uwanja upo! Mlete huku!"

"Nitamuuliza," akasema Bi Shii.

"Eh?"

"Nitamuuliza."

"Sikusikii dada yangu, lakini muulize!"

Bi Shii hakutaka Mama aende. Sijui kama kuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Nyumba bila Mama hakuwahi kuifikiria, na alipoifikiria usiku huo hakupata usingizi. Asubuhi alikwenda kwa mkuu wa maktaba, akafunga mlango, na kuomba kitu ambacho mkuu hakutarajia kukisikia kutoka kwake: zamu ya asubuhi peke yake. Mchana akae na mama yake, na chumba cha kusomea kishikwe na mwingine. Mkuu alimwinamia ili asikie vizuri, akamuuliza mara mbili kama ana hakika, maana chumba kile bila Bi Shii kingekuwa soko kabla ya wiki kuisha. Bi Shii alisema anajua hivyo, na bado anaomba. Akakubaliwa.

Jioni, baada ya kula, alisogeza sahani pembeni na kuweka mikono mezani.

"Mama," akasema, "kaka anataka ukakae kwake. Mimi sitaki. Nimeomba zamu ya asubuhi, mchana nitakuwa hapa na wewe. Nisingependa kubaki kwenye nyumba hii bila wewe. Ila wewe ndiye mama, uamuzi ni wako. Ninakuomba ubaki. Au unataka kwenda?"

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa ndani ya nyumba hiyo. Kwa vipimo vyake alikuwa amepaza sauti. Aliona hata aibu kidogo, kama mtu aliyefoka mbele ya mzazi. Kwa vipimo vya watu wengine, kijiko kingeanguka kingeifunika hotuba nzima. Mama alimtazama midomo, akaona uso wenye mashaka, akadhani bado ni habari za birika, na habari za birika alikuwa ameshachoka nazo.

"Ndiyo, mwanangu," akasema, akitikisa kichwa. "Ndiyo. Haya."

Hakuwa amesikia hata neno moja.

Bi Shii aliinuka akaosha vyombo. Hakuuliza tena. Alikuwa na imani ya watu wa chumba cha kusomea, kwamba jambo likishasemwa limesemwa, na anayelirudia anasumbua. Alimpa mama yake uhuru wa kuchagua na Mama amechagua. Alimtumia kaka ujumbe: Mama amekubali, mimi sina neno. Asubuhi alimrudishia mkuu wa maktaba zamu aliyokuwa ameiomba.

Kaka alipopiga simu ya Mama kesho yake, hakuhitaji hata simu. "Mama! Mambo tayari! Nimeshaongea na dada, amekubali! Ijumaa usiku nafika, Jumamosi nakuchukua!" Mama aliishika simu mbali na sikio, na alisikia kila silabi. Alimaliza kusikia, akaiweka simu mapajani. Dada amekubali. Kwa hiyo walikuwa wameshakaa na kulimaliza, wao wawili, na yeye aliyewazaa ndiye wa mwisho kuambiwa. Hakupiga kelele. Alikwenda chumbani akalitoa begi uvunguni na kuanza kulipangusa vumbi.

Wiki ile waliishi kwa adabu kubwa. Mama alikunja nguo zake moja moja, na hakuita mtu, hakufokea redio, hakutangaza bei ya kitu chochote. Bi Shii aliporudi kutoka kazini alikuta chakula mezani na Mama ameshakwenda kulala. Aliona kwamba Mama ameshaondoka moyoni, umebaki mwili wa kupandishwa basi. Nyumba ilikuwa kimya namna ileile aliyoililia utotoni, na hakuipenda hata kidogo.

Hasira zake zilikwenda kazini. Alimtoa Profesa kwa kukoroma, wakati Profesa alikuwa amekoroma kwenye chumba kile miaka na miaka bila kuvunja sheria yoyote. Mwanafunzi mmoja alipewa shii ya pili kwa kufungua chupa ya maji. Wastaafu wakaanza kugeuza kurasa za gazeti kwa ncha za vidole. Dada wa kaunta aliona kwamba sasa imezidi, akamfuata kwenye chumba cha chai.

"Bi Shii, mama anaondoka lini?"

"Jumamosi."

"Eh?"

"Jumamosi."

"Na wewe unamwacha tu aende hivihivi?"

"Ameamua mwenyewe. Nimemwomba, nimemaliza. Mzazi habembelezwi kama mteja."

Dada wa kaunta alikuwa amesikia nusu ya jibu hilo na nusu nyingine aliisoma midomoni, lakini alikuwa ameshazoea, na haikumpitia akilini kusema lolote kuhusu hilo. Akamimina chai.

Jumamosi ikafika, na Jumamosi ndiyo siku ambayo maktaba ile ilifurika. Ukumbini kulikuwa na fainali ya chesi, na wapenzi wa chesi, watu ambao mtu angewadhania watulivu, walikuwa wanazomeana. Uwanjani watu walitandaza vitabu vya kubadilishana. Chumba cha watoto kilikuwa na saa ya hadithi, na msimulizi alikuwa amefika mahali pa simba, kwa hiyo watoto wote walikuwa wananguruma. Mitihani ilikuwa karibu, na chumba cha kusomea kilijaa mpaka wanafunzi wengine wakakaa sakafuni, migongo kwenye rafu za sheria. Hakuna aliyekohoa. Bi Shii alikaa mezani kwake akitazama kitabu asichokisoma. Basi la mchana lingepita kwenye kituo kilichotazamana na maktaba. Yeye na Mama walikuwa wameagana asubuhi, kwa mkono, kama wageni.

Mlango wa kioo ukafunguka, akaingia kaka. Bwana yule wa gereji, mwenye mabega ya kubeba injini, aliona vichwa vyote vile vimeinama, akaona kibandiko cha kutaka kimya ukutani, akanywea. Alianza kutembea kwa ncha za vidole huku amelikumbatia begi kifuani lisigonge kitu. Nyuma yake aliingia Mama.

Mama alisimama katikati ya chumba. Alitazama meza, taa, rafu mpaka darini. Akatazama vijana waliokaa sakafuni.

"KUMBE NDIYO HAPA!" akasema.

Vichwa vyote viliinuka kwa pamoja. Mmoja wa wastaafu aliachia kurasa za michezo.

"PAZURI," Mama akaendelea. "MIMI NILIDHANI PANA GIZA."

"Shii," akasema Bi Shii.

Ilimtoka yenyewe, kama chafya. Alipotambua amemnyamazisha nani, uso ulimwaka moto. Hata hivyo Mama hakusikia shii hiyo wala hakuhisi upepo wake. Alikuja mpaka mezani, akafungua pochi na kutoa ufunguo wa nyumba.

"Basi liko njiani," akasema. "Ufunguo huu sikutaka kumwachia jirani. Mpaka leo ananinunia."

Akaweka ufunguo juu ya kitabu. Kisha aliinama, kwa kuwa alikuwa na neno la siri. Mama hakuwa na sauti ya siri. Alikuwa na sauti ya sokoni, na ndani ya sauti ya sokoni alikuwa na ile ya kumpunguzia bei mteja mmoja bila wengine kujua, ambayo siku zote wengine walijua. Aliitumia hiyo.

"Mwanangu, nakushukuru kwa kunitunza. Sikujua kwamba nimekuchosha kiasi hicho. Mtu mzima ni mzigo, sikatai. Lakini ungeniambia wewe mwenyewe. Mimi ni mama yako. Ungeniambia, Mama, nimechoka, nenda kwa mwanao. Kwa nini umtume kaka yako aje kunifukuza?"

Chumba kizima kilisikia. Wastaafu walilitandaza gazeti mbele ya nyuso zao, na gazeti lenyewe lilikuwa juu chini. Kaka alibaki mdomo wazi, begi kifuani.

Bi Shii aliinua uso. "Mama," akasema, "sijakufukuza. Nani kasema nimekufukuza? Mimi nilikuomba ubaki."

Mama alimtazama midomo. Akasubiri itulie. Kisha akatikisa kichwa kwa upole, kwa ile heshima ya mtu aliyesikia na kutafakari.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Ndiyo. Haya."

Akageuka kumshika kaka mkono waondoke.

Bi Shii aliwatazama wakienda. Aliiona ile meza ya nyumbani, na sahani zilizosogezwa, na kichwa kikitikiswa vilevile, kwa maneno yaleyale. Alikumbuka jirani aliyefiwa na baba. Wiki nzima alikuwa amekasirikia jibu la swali ambalo halikumfikia mtu. Mama alikuwa ameshafika kwenye rafu ya atlasi, na kutoka hapo mpaka mlangoni ni hatua chache, na ng'ambo ya kioo basi lilikuwa linapunguza mwendo.

Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mama," akasema.

Mama akaendelea kutembea.

"Mama!"

Mwanafunzi aliyekaa karibu aliinua kichwa. Mama hakugeuka. Bi Shii alivuta pumzi, akafungua mdomo wake wote, na ikatoka sauti ambayo hata yeye hakuifahamu. Ilianza na kutu, ikakwaruza, kisha ikajaa, na ilikuwa sauti ya kutangaza vitunguu ng'ambo ya ukuta.

"MAMA! USIENDE!"

Profesa aliamka. Fainali ya chesi ilinyamaza. Katika chumba cha watoto, simba wote waliacha kunguruma. Dada wa kaunta alibaki ameshika muhuri hewani, akitazama mlango wa kioo na kujiuliza nani huyo.

Mama aligeuka. Macho yalimtoka pima.

"SIKUKUFUKUZA!" Bi Shii alipaza. "NILIKUOMBA UBAKI! NILIOMBA ZAMU YA ASUBUHI ILI NIKAE NA WEWE!"

"Lini?" Mama akauliza.

"SIKU ILE! MEZANI! TULIPOMALIZA KULA!"

"Ulimwambia nani?"

"WEWE, MAMA! NILIKWAMBIA WEWE!"

Mama alisimama akimtazama. Alimtazama kaka, aliyekuwa bado amelikumbatia begi. Akatazama ule umati wa vijana, kalamu mikononi, na wazee wawili na gazeti lao. Mikono yake ikaanza kutafuta mahali pa kujishika, na ikaipata rafu.

"Sikusikia," akasema.

Alilisema chini kabisa. Hakuna mtu, si sokoni si nyumbani, aliyewahi kumsikia akitumia sauti hiyo.

"Mimi sisikii, mwanangu. Siku nyingi sasa. Natikisa kichwa tu."

Chumba kile kilikuwa kimetunzwa kwa ajili ya sauti ndogo, na hiyo ilifika kila meza. Mmoja wa wastaafu alivua miwani akaanza kuifuta. Kaka aliliteremsha begi taratibu, akaliweka sakafuni kando ya mguu wake. Nje basi lilipiga honi, likasubiri kidogo, likaondoka.

Bi Shii alikuwa ameshatoka nyuma ya meza yake. Alipofika kwa mama yake hakujua afanye nini na mikono, akamshika mabega yote mawili. Mama alimtazama midomo kwa mazoea, kisha akaacha kuitazama, akageuza kichwa na kumpa sikio.

"Sema tena," akasema. "Hilo la kuniomba. Sema tena, nilisikie vizuri."

Bi Shii akavuta pumzi, akasema tena.